Pesa Yako Iende Wapi? Mwongozo wa kuchagua shirika la kuchangia wakati siasa na teknolojia vinageuka haraka

Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Februari, Uingereza nayo ilitangaza kwamba misaada yake itashuka hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Miradi ya afya iliyodhaniwa kuwa na mfadhili wa kudumu ikajikuta ina dawa ghalani lakini haina mishahara wala mafuta ya gari. Upande wa pili, akili mnemba (AI) inakua kwa kasi kuliko sheria, na wanaopima hatari zake bila kulipwa na kampuni zinazoitengeneza ni wachache. Mtu mwenye pesa ya kuchangia anavutwa pande zote mbili, na mara nyingi huishia kumpa aliyepiga kelele zaidi wiki ile.

Swali la kushika tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho ni hili: pesa yangu ikiingia, kitatendeka nini ambacho bila hiyo kisingetendeka? Kila hatua hapa chini ni namna ya kulijibu kwa karibu zaidi.

Hatua ya 1: Panga kiasi kabla ya kufungua habari

Andika asilimia ya kipato utakayotoa kwa mwaka. Giving What We Can, jumuiya ya wachangiaji iliyoanzishwa Oxford mwaka 2009, huwaomba wanachama wake waahidi asilimia 10. Ni lengo zuri kwa anayeliweza. Mwenye madeni ya riba kubwa aanze na asilimia 1, alipe madeni, kisha apandishe. Ahadi ndogo inayotimizwa kila mwezi ina faida ambayo wachangiaji wengi hawaioni: shirika linajua mwezi wa tisa litakuwa na nini, kwa hiyo linaweza kuajiri muuguzi kwa mkataba wa mwaka badala ya miezi mitatu.

Kosa la kawaida hapa ni kuamua kiasi siku ya taharuki. Siku hiyo unatoa kikubwa mno kwa jambo ambalo dunia nzima inalichangia, na miezi minne baadaye, kamera zikishaondoka na upungufu ukiwa ndio unaanza kuuma, huna kitu.

Hatua ya 2: Ivunje hofu yako hadi iwe kazi

"Naogopa siasa zinakoelekea" haikuambii utume pesa wapi. Jiulize unaogopa nini hasa. Kama ni huduma kukatwa, kinachohitajika ni mashirika yanayotoa huduma hizo. Kama ni sheria mbaya, wanaohitajika ni mawakili, watafiti wa sera na waandishi wa habari za uchunguzi. Kama ni matokeo ya uchaguzi, huo ni mchango wa kisiasa, nao una kanuni zake tutakazoziona.

Akili mnemba nayo ivunje hivyohivyo. Utapeli wa sauti na picha za kughushi, ajira kupotea, mtu mwovu kusaidiwa kutengeneza kimelea cha maradhi, mifumo yenye uwezo mkubwa kufanya mambo ambayo walioitengeneza hawakuyakusudia: haya ni matatizo manne tofauti, na shirika linaloshughulikia la kwanza huenda halijui lolote kuhusu la tatu.

Ukishapata kazi mbili au tatu, zipime kwa maswali matatu. Tatizo linagusa watu wangapi na kwa uzito gani? Nani tayari analishughulikia, na kwa pesa kiasi gani? Kuna kazi inayojulikana kupunguza tatizo hilo, au ni matumaini tu? Swali la pili ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kwa mchangiaji mdogo. Tatizo kubwa lenye wafadhili wengi huweza kuwa mahali pabaya pa kupeleka pesa yako kuliko tatizo la wastani ambalo limesahaulika.

Hatua ya 3: Anza na kipimo cha chini

Kabla ya kupima mradi wowote wa kupunguza umaskini, ulinganishe na kumpa mhusika pesa taslimu. Shirika la GiveDirectly hufanya hivyo tu. Utafiti mkubwa uliofanyika Siaya, Kenya, katika vijiji zaidi ya 600, ulionyesha kwamba kila dola iliyotolewa iliuchangamsha uchumi wa eneo hilo kwa takriban dola 2.5, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kuleta shida. Kwa hiyo anayekuomba umfadhili mafunzo, mifugo au mashine ana deni la kukueleza kwa nini hilo ni bora kuliko kuwapa watu pesa wakajiamulia.

Mfano wa kushindwa kwa kipimo hiki ni PlayPump, pampu ya maji iliyozungushwa na watoto wakicheza bembea ya kuzunguka. Picha zake zilivutia, na mwaka 2006 ilipata ahadi za mamilioni ya dola. Ila watoto hawachezi saa zote ambazo kijiji kinahitaji maji, kina mama wakabaki kuisukuma wenyewe, na ilipoharibika ilikuwa ngumu kuitengeneza. Pampu ya mkono ya kawaida ilikuwa nafuu zaidi na ilitoa maji vizuri zaidi.

Juu ya kipimo hicho kuna kazi chache za afya ambazo ushahidi wake umekusanywa kwa miaka mingi. GiveWell, shirika la Marekani lililoanza mwaka 2007, huchambua mashirika na kuchapisha hesabu zake zote. Kwa miaka kadhaa limependekeza manne: vyandarua vyenye dawa vinavyonunuliwa na Against Malaria Foundation, kinga ya malaria ya msimu inayosimamiwa na Malaria Consortium, matone ya vitamini A ya Helen Keller Intl, na New Incentives, ambayo huwapa akina mama wa kaskazini mwa Nigeria pesa kidogo wanapokamilisha chanjo za watoto. Makadirio ya GiveWell ya gharama ya kuokoa maisha ya mtu mmoja kupitia mashirika haya yamekuwa kati ya dola 3,000 na 5,500 hivi.

Usiishie kwenye kadirio. Elewa kinachofanya kazi yenyewe iwezekane. Kinga ya msimu, kwa mfano, ni vidonge anavyopewa mtoto wa kati ya miezi 3 na 59 kwa siku tatu mfululizo kila mwezi katika miezi minne au mitano ya mvua. Dozi ya siku ya kwanza hutolewa na mhudumu. Mbili zinazofuata humezwa nyumbani. Hapo ndipo mradi unapovuja: mzazi asipofuatiliwa, dozi za nyumbani hubaki kwenye pakiti. Shirika zuri litakuonyesha ni asilimia ngapi ya watoto walimaliza dozi zote, tena kwa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, halitakuambia idadi ya pakiti zilizogawiwa tu.

Hesabu za namna hii hubadilika. Shirika la Evidence Action liliwahi kuendesha mradi Bangladesh wa kuwakopesha wakulima nauli ya kwenda kutafuta kibarua mjini msimu wa njaa. Majaribio ya mwanzo yalileta matokeo mazuri sana. Mradi ulipopanuliwa na kupimwa upya, faida haikuonekana, na mwaka 2019 wakaufunga wenyewe na kueleza sababu hadharani. Shirika linaloweza kufanya hivyo lina thamani kuliko lile ambalo ripoti zake za miaka kumi hazina hata mradi mmoja ulioshindwa.

Hatua ya 4: Hesabu pengo lililoachwa na siasa

Serikali inapokata msaada, mashirika yote yaliyoguswa huomba kwa lugha moja: "tumepoteza kila kitu." Uliza kwa utulivu mambo matatu. Kiasi gani kimepotea, katika mradi gani, na nani ameshajitokeza kuziba? Pengo la bilioni huwezi kuliziba. Unachoweza kufanya ni kutafuta kipande kidogo kinachozuia kitu kikubwa. Ikiwa vyandarua au dawa zimeshanunuliwa na zimekwama kwa sababu mkataba wa usafirishaji umevunjwa, pesa ya malori na posho za wagawaji inafungua mzigo wenye thamani mara nyingi zaidi, hasa tarehe ya mwisho wa matumizi ikikaribia. Mashirika hayatangazi sana mahitaji ya aina hii kwa sababu lori halina picha nzuri. Waandikie uwaulize.

Jambo la pili ni kama pesa itafika kihalali. India, kwa marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya michango kutoka nje, ilikataza shirika linalopokea pesa za nje kulipa shirika jingine sehemu ya pesa hizo, ikashusha kikomo cha gharama za uendeshaji kutoka asilimia 50 hadi 20, na ikalazimisha pesa zote ziingie kwanza kwenye akaunti ya benki moja tawi moja mjini New Delhi. Nchi ya Georgia ilipitisha sheria yake ya "ushawishi wa kigeni" mwaka 2024. Katika mazingira kama hayo, mchango wenye nia njema unaweza kumletea mpokeaji ukaguzi, faini au kufungiwa. Muulize mhusika: usajili wenu wa kupokea pesa za nje unaisha lini, na mkinyimwa, pesa iliyobaki itakwenda wapi?

Linda pia majina, lako na la wanaosaidiwa. Uliza orodha ya wachangiaji inawasilishwa kwa nani kisheria, na usisambaze picha ya mtu aliyepokea msaada wa kisheria au wa ukimbizi hata kama shirika lenyewe limekutumia.

Kuhusu michango ya sera na siasa, sheria hutofautiana nchi hadi nchi, na kosa linaweza kukugharimu. Marekani, taasisi ya hisani ya daraja la 501(c)(3) imekatazwa tangu 1954 kumpigia debe mgombea, ingawa inaruhusiwa kushawishi kuhusu miswada kwa kiwango chenye mpaka. Ile ya 501(c)(4) inashawishi bila mpaka huo, lakini mchango wake haukupunguzii kodi. Raia wa kigeni asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kabisa kuchangia uchaguzi wa Marekani. Uingereza, taasisi ya hisani inaweza kupigania sera, haiwezi kuunga mkono chama. Na mlipakodi wa huko akijaza fomu ya Gift Aid, serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni anayotoa.

Kupima shirika la sera ni kugumu kwa sababu sheria ikipita kila mmoja hudai ni kazi yake. Omba uonyeshwe kifungu chenyewe: maneno gani waliyapendekeza, tarehe gani, na maneno gani yaliingia kwenye sheria. Kisha tafuta mtu wa nje, ikiwezekana wa upande wa pili wa kisiasa, anayekiri kwamba waliona kazi yao. Shirika linalosikilizwa na upande mmoja pekee hupoteza kila kitu serikali inapobadilika.

Hatua ya 5: Teknolojia mpya, ambako hesabu ya maisha haifiki

Hapa hakuna atakayekupa gharama ya kuokoa mtu mmoja, na akikupa, mtilie shaka. Hiyo haifanyi kazi hizi kuwa duni. Mei 2023 Center for AI Safety, shirika la utafiti la Marekani, ilitoa tamko la sentensi moja kwamba kupunguza hatari ya binadamu kuangamizwa na akili mnemba kuwe kipaumbele cha dunia sambamba na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Walitia saini Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio, wanasayansi waasisi wa teknolojia hii, na hata wakuu wa kampuni zinazoitengeneza. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba ilipata nguvu ya kisheria Agosti 1, 2024, nayo inatekelezwa kwa awamu, na kila awamu inahitaji wataalamu huru wa kusema vipimo gani vina maana.

Kwa kuwa matokeo ya mwisho hayapimiki, pima yanayoonekana. Kwanza, kazi yao inatumiwa na nani? Jaribio la usalama lililotungwa na shirika likachukuliwa na maabara au idara ya serikali lina uzito kuliko ripoti ishirini zisizonukuliwa. Pili, uhuru: nani anawalipa wanapoipima kampuni, wafanyakazi wao wana hisa za kampuni hizo au hawana, na mkataba unawaruhusu kuchapisha matokeo mabaya? Shirika la kupima lisiloweza kujibu swali hili la mwisho kwa maandishi, liache.

Tatu, utegemezi. Sekta hii hulishwa na wafadhili wakubwa wachache. FTX, kampuni ya soko la sarafu za kidijitali, ilipoanguka Novemba 2022, misaada iliyoahidiwa na mfuko wake haikulipwa, na waliokuwa wamelipwa wakaingia hofu ya kudaiwa warudishe kupitia mahakama ya ufilisi. Uliza asilimia ngapi ya bajeti inatoka kwa mfadhili mkubwa kuliko wote. Ikizidi nusu, mchango mdogo usio na masharti una thamani ya ziada, kwa sababu unalipatia shirika nafasi ya kusema hapana.

Nne, madhara. Utafiti wa usalama unaweza kumfundisha mhalifu. Katika baiolojia ndiko hili ni zito zaidi: kuna wanaofanya kazi na kampuni zinazotengeneza vinasaba kwa oda, ili oda za vimelea hatari zinaswe kabla ya kutumwa. Kazi nzuri sana, lakini waulize wana utaratibu gani wa kuamua kipi kisichapishwe. Jibu la "tunachapisha kila kitu" halifai hapa, hata kama kwingine uwazi tungeusifu.

Kama maswali haya yanazidi ujuzi wako, tumia mfuko unaosimamiwa na wataalamu, kama Long-Term Future Fund ya EA Funds. Soma orodha ya walichokwisha kufadhili, na uangalie wanaoamua wanafanyaje wanapoombwa na rafiki au mwajiri wao wa zamani. Sekta ni ndogo na watu wanajuana, kwa hiyo jambo hilo hutokea mara kwa mara.

Hatua ya 6: Fungua vitabu vyao

Tafuta namba ya usajili kwenye rejista ya serikali yenyewe, usiipokee kutoka kwenye tangazo. England na Wales rejista iko kwa Charity Commission. Marekani, taarifa ya mwaka iitwayo Fomu 990 ni ya wazi kwa yeyote. Soma hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Akiba ya kati ya miezi 3 na 12 ya matumizi ni ya kawaida. Chini ya hapo kishindo kidogo kitawaangusha. Zaidi ya miaka miwili, uliza pesa inangoja nini.

Gharama za utawala zisikuongoze. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, mashirika ya Marekani yanayotoa taarifa kuhusu taasisi za hisani, waliandika barua ya pamoja wakiwasihi wachangiaji waache kuitumia asilimia hiyo kama kipimo cha shirika. Sababu ni rahisi: njia ya haraka ya kushusha gharama za utawala ni kuacha kukagua kama chandarua kimetundikwa.

Wizi nao usomwe kwa makini. GiveDirectly ilitangaza kwamba takriban dola 900,000 ziliibwa katika mradi wake Kongo, ikaeleza mbinu iliyotumika na hatua zilizochukuliwa. Tangazo kama hilo linaongeza imani. Shirika linalofanya kazi mahali pagumu kwa miaka mingi na halijawahi kugundua wizi wowote, huenda halitafuti.

Kisha tuma barua pepe moja yenye maswali haya, na uwape wiki mbili:

- Mkipata asilimia 20 zaidi ya bajeti mwaka huu, mtafanya nini cha kwanza?
- Msipoipata, mtaacha nini?
- Mradi gani uliwashinda, na mlijuaje?
- Mfadhili wenu mkubwa ni nani, na mkataba wake unaisha lini?
- Nani wengine wanafanya kazi hii, na mnatofautianaje nao?

Swali la kwanza na la pili yasome pamoja. Majibu yakifanana, hawajapanga. Shirika dogo likichelewa kujibu lisamehe. Likikujibu kwa kipeperushi, endelea mbele.

Hatua ya 7: Tuma bila kutapeliwa

Sauti ya mkurugenzi sasa inaweza kuigwa kwa sekunde chache za rekodi, na picha ya mtoto kwenye kifusi inaweza kutengenezwa bila mtoto wala kifusi. Macho na masikio hayatoshi tena. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, usibonyeze kiungo kilichotumwa. Hakikisha jina la akaunti ya benki linalingana herufi kwa herufi na lililoko kwenye rejista. Anayetaka kadi za zawadi ni tapeli. Sarafu za kidijitali zikishaondoka hazirudi, kwa hiyo anayezing'ang'ania bila kutoa njia nyingine muache. Tuma kiasi kidogo kwanza, subiri risiti, ndipo utume kilichobaki.

Angalia visanduku vilivyotiwa alama tayari kwenye ukurasa wa malipo. Kampeni za kisiasa zimewahi kuvitumia kugeuza mchango wa mara moja kuwa wa kila wiki. Na ukifika mahali pa kuchagua matumizi, acha mchango bila kufungwa kwa mradi mmoja, isipokuwa una shaka na miradi mingine. Na kama shaka ni kubwa kiasi hicho, chagua shirika jingine.

Hatua ya 8: Gawa, kisha rudi mara moja kwa mwaka

Mgawo tunaoupendekeza kwa anayeanza: kati ya kila 100, weka 60 kwenye kazi yenye ushahidi uliokomaa, 25 kwenye kazi ya hatari zaidi kama sera au usalama wa teknolojia, na 15 ibaki mkononi kwa mapengo ya ghafla. Hiyo 15 ikifika mwisho wa mwaka bila dharura, ipeleke kwenye fungu la kwanza. Mashirika yasizidi manne. Ukigawa kwa kumi na mbili, hutasoma hesabu za hata moja, na kila moja litatumia sehemu ya mchango wako kukutumia barua.

Siku unapotoa, andika mstari mmoja kwa kila shirika: "Nitaacha ikiwa..." Ikiwa uchunguzi wa dozi hautachapishwa tena. Ikiwa mfadhili mkubwa atakuwa kampuni wanayoipima. Mwaka ukigeuka, soma mistari hiyo kabla ya kusoma ripoti zao. Ukiamua kuacha, wajulishe miezi mitatu mapema na uwaambie sababu kwa sentensi mbili, kwa sababu mtu anayepanga mishahara ya robo ijayo ameshauhesabu mchango wako.